Machungwa yalipoanza kumchoma

Kaka huyu kazi yake ni kununua machungwa. Anaingia mashambani huku kwetu Muheza, mkoani Tanga, anachuma moja moja kutoka pande zote za shamba, anapasua, anaonja, ndipo anapatana bei na mwenye miti. Lori likijaa linaelekea Dar es Salaam. Siku alipokuja zahanati mara ya kwanza, mwaka 2019, hakusema anaumwa. Alisema, "Daktari, siku hizi machungwa yananichoma."

Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijiji. Siku ile nje kulikuwa na foleni ndefu, akina mama na watoto wenye homa, na muuguzi mmoja alikuwa likizo. Nikamwambia atoe ulimi, nikauona mweupe, nikaandika nistatini ya maji, dawa ya fangasi wa mdomoni, chupa moja. Hata kitini hakukaa vizuri. Baada ya miezi miwili akarudi. "Ile dawa ilinisaidia sana, naomba tena." Nikaandika tena, na nakumbuka nilifurahi kwamba dawa yangu imefanya kazi.

Ameniruhusu niandike habari hizi. Nilimsomea kwanza, akarekebisha sehemu mbili. Jina lake na kijiji chake vinabaki kwetu.

Mara ya tatu alikuja na mkewe. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba juu ya mkanda. Mizani ikasoma kilo 47, na kwenye daftari la miezi mitano nyuma aliandikwa kilo 58. Nilipomuuliza anasumbuliwa na nini, alishika kifua hapa katikati, kwenye mfupa, akasema hata uji ukishuka anausikia unapita kama kaa la moto. Mkewe akaongeza kwamba kwa wiki nzima ameishi kwa maji ya madafu.

Safari hii nilichukua tochi. Nikamwomba afungue mdomo kwelikweli, nikainua ulimi kwa kijiti, nikavuta mashavu pembeni. Utando ulikuwa kila mahali: ndani ya mashavu yote mawili, kwenye kaakaa, ukielekea koromeoni hadi macho yasipofika. Nikavaa glavu, nikaviringisha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwenye kidole, nikafuta taratibu sehemu moja ya shavu. Ukatoka vipande vipande kama machicha ya nazi, na chini yake nyama ikabaki nyekundu, yenye vitone vidogo vya damu. Hiyo ndiyo kandida, fangasi wa mdomoni. Kwa zahanati isiyo na maabara kubwa, macho, tochi na gozi vinatosha kuitambua.

Dawa niliyomwandikia mara mbili haikuwa mbaya. Nilichoacha ni kujiuliza kwa nini mwanamume wa miaka 38, asiye na meno bandia, asiyetumia dawa yoyote, awe na mdomo kama wa mtoto mchanga. Fangasi hawa wanaishi midomoni mwa watu wengi wenye afya zao na hawawadhuru. Mate, bakteria wa mdomoni na kinga ya mwili vinawabana wasizidi. Wakizidi hivyo, kuna kitu kimelegea, na kazi yangu ilikuwa kukitafuta tangu ile siku ya machungwa.

Kipimo cha VVU kikatoka chanya, cha pili cha kuthibitisha kikatoka chanya. Utando wa mdomoni usiokwisha, kwa mtu mwenye VVU, Shirika la Afya Duniani linauweka hatua ya 3 ya ugonjwa. Ukishuka kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mgonjwa akaanza kuumia anapomeza, hiyo ni hatua ya 4. Kwa hiyo kati ya "machungwa yananichoma" na "uji unaniunguza kifua" kaka huyu alivuka hatua nzima akipita kwenye meza yangu. Hospitali ya wilaya walimpima CD4, yaani idadi ya chembe za kinga kwenye damu, ikawa 61, ndogo mno. Wakamchunguza kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi kabla ya kumwanzishia dawa za kufubaza virusi, kama inavyotakiwa kwa mtu aliyechelewa namna hiyo. Kwa umio alipewa dawa ya fangasi iitwayo flukonazo, 200 mg kwa siku, siku 21. Siku ya nne mkewe alinipigia simu kuniambia amekula ugali.

Chuoni tulifundishwa haya. Mkufunzi wetu alitusomea habari ya taarifa ile fupi iliyotolewa Marekani tarehe 5 Juni 1981, kuhusu vijana 5 wa Los Angeles waliokuwa na nimonia ya ajabu. Ndiyo inayohesabiwa kuwa taarifa ya kwanza ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Wote 5 walikuwa na kandida pia. Miaka miwili baadaye, 1983, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania wakatambuliwa Kagera. Swali la habari hizo lilikuja kwenye mtihani, nikapata. Halafu mtu akakaa mbele yangu na mdomo mweupe, nikaandika chupa.

Tangu hapo, mtu mzima mwenye utando simwandikii dawa kabla ya kumuuliza mambo kadhaa, na hupima sukari na VVU siku hiyo hiyo, vyote viwili pamoja. Nimeona ukisema "nataka kukupima VVU" peke yake, mtu anasikia hukumu. Ninavyosema mimi ni hivi: "Kaka, huu utando una chanzo. Unaweza kuwa sukari, unaweza kuwa dawa unazotumia, upungufu wa damu, au kinga imeshuka. Naomba tutafute leo leo, tusiupake dawa ukarudi." Wengi wanakubali. Anayekataa simlazimishi, namwandikia dawa, namwambia arudi baada ya siku 7 nione, na akirudi namwomba tena.

Na ninasema hivyo kwa makusudi kwa sababu kijijini kuna kosa la upande wa pili. Watu wameshajifunza kwamba ulimi mweupe ni "ngoma", yaani UKIMWI. Mama mmoja alikaa ndani miezi, akizungumza ameziba mdomo kwa kanga, kwa sababu jirani alimwona ulimi akasema maneno. Alipokuja nilikuta alikuwa amemeza amoksilini kwa wiki tatu mfululizo kutoka duka la dawa, kozi juu ya kozi, kwa kikohozi kisichotaka amoksilini. Antibiotiki zilikuwa zimewaua bakteria wanaowabana fangasi. Tulipima sukari, tukapima VVU, vyote salama. Akaacha dawa zile, akasukutua nistatini mara 4 kwa siku baada ya kula, utando ukaisha kabisa. Aliponionyesha ulimi mara ya mwisho kanga ilikuwa begani.

Watoto wachanga ndio wengi zaidi, na hapo sababu mara nyingi ni uchanga wenyewe. Kinga haijakomaa, basi. Lakini kuna mambo yanaharibika nyumbani kabla mtoto hajanifikia, na haya ndiyo yananiuma.

Binti mmoja wa miaka 19 alileta mtoto wa wiki tano. Alikuja na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa anashika ziwa, anaachia, analia, anashika tena. Mama mkwe akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Mwanangu, nimemsugua kwa kitambaa na asali siku tatu, hautoki." Nikafungua mdomo wa mtoto, ufizi ulikuwa umechubuka kwa ule msuguo. Nikamwamkia tena yule mama, nikavuta kiti karibu yake, tukaangalia pamoja kwa tochi.

Nilimwonyesha tofauti ambayo ningependa kila bibi aijue. Maziwa yanabaki juu ya ulimi peke yake, na ukipitisha kitambaa laini chenye maji yanaondoka. Fangasi wanakaa pia ndani ya mashavu, kwenye ufizi, juu kwenye kaakaa, na wameng'ang'ania. Ukilazimisha, unaacha kidonda. Kuhusu asali nilimwambia wazi: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi, hata ya kupaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli, na tumbo la mtoto huyo haliwezi kuvizuia. Alishtuka. Alisema wajukuu wake wote wamelambishwa. Nikamwambia wamshukuru Mungu, na huyu tusimjaribie.

Dawa ya mtoto yule ilikuwa nistatini mililita 1, mara 4 kwa siku, baada ya kunyonya, si kabla. Nusu shavu la kulia, nusu la kushoto, taratibu, isimwagwe kooni. Unaendelea siku 2 baada ya utando kwisha. Pasipo na nistatini tunapaka jivii, ile ya zambarau, lakini lazima iwe imechanganywa nusu nguvu, asilimia 0.25. Kali kuliko hiyo inababua mdomo, na nimewahi kuona mtoto aliyepakwa ile ya vidonda vya miguu.

Halafu nikamuuliza binti, "Na wewe maziwa yanauma?" Akamtazama mama mkwe kwanza. Kisha akasema yanawaka, hasa akimaliza kunyonyesha, kama yamepakwa pilipili. Chuchu zilikuwa zimebadilika rangi, zinang'aa, zina nyufa. Ukimtibu mtoto ukamwacha mama, wanarudishiana. Tuliwatibu wote wawili, na kijiko na kikombe vya mtoto nikaagiza vichemshwe. Kunyonyesha kukaendelea.

Mtoto yuleyule angekuwa na miezi mitano, au utando ungekwisha ukarudi ukarudi, ningeomba kadi ya kliniki ya mama. Utando unaong'ang'ania baada ya wiki 6 hadi 8 za mwanzo unanifanya nifikirie VVU kwa mtoto. Na kadi kuonyesha mama alipima akiwa na mimba akakutwa salama hainitoshi, kwa sababu anaweza kuambukizwa akiwa ananyonyesha, na huo ndio wakati virusi vinakuwa vingi mwilini mwake na kupita kwa mtoto kirahisi. Namwomba apime upya. Naangalia pia uzito wa mtoto, maana utapiamlo unaleta utando huohuo.

Nitataja na meno ya plastiki, kwa sababu siwezi kuyaacha. Mtoto akiwa na homa au kuhara, mtu anafungua mdomo, anaona ufizi mweupe au umevimba, anasema hayo ni meno ya plastiki, yang'olewe. Anaitwa fundi na msumari au spoku ya baiskeli. Wanachokitoa ni kijusi cha jino halisi, mara nyingi chonge, ambalo lingeota kwa wakati wake. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na ile nimonia au malaria iliyoleta homa inaendelea. Weupe wa ufizi unaweza kuwa fangasi wa siku 7 za dawa ya matone. Tafadhali, ukisikia neno hilo nyumbani kwenu, mlete mtoto zahanati siku hiyo hiyo, hata usiku.

Kandida si lazima awe mweupe. Hili lilinichukua muda kulishika. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka 64, alikuja na pembe za mdomo zimechanika. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia kwa shida maana akifungua mdomo damu inatoka. Alikuwa ameshapaka mafuta ya nazi, vaselini, na ameambiwa amepungukiwa vitamini. Nikamwomba atoe meno ya bandia. Alisita; nadhani hata wajukuu hawajawahi kumwona bila meno. Nikafunga mlango, nikageukia dirishani mpaka aliposema tayari. Kaakaa lilikuwa jekundu tii, na wekundu ule ulikuwa na umbo la sahani ya meno yenyewe, ukaishia pale sahani ilipoishia. Weupe hakuna hata chembe. Alikuwa akilala nayo.

Meno yale peke yake yangeweza kueleza kila kitu, na mimi wa 2019 ningeishia hapo. Nikamuuliza usiku anaamka mara ngapi. Akasema mara nne, tano, na maji anaweka ndoo kitandani. Sukari ilikuwa 17.4. Mtu mwenye dalili kama hizo, ikifika 11.1 tu muda wowote wa siku, tayari ni kisukari. Alikuwa hajui. Leo anatumia metifomini, anavua meno usiku, anayapiga mswaki na kuyaloweka, na pembe za mdomo zimefunga. Watu wengine wa pembe za mdomo tunawakuta na upungufu wa madini ya chuma, hivyo nafunua pia kope za chini na kutazama kama zimepauka kwa kukosa damu.

Wenye pumu nao. Kijana wa bodaboda anayetumia pampu ya rangi ya kahawia, ile ya kuzuia, alikuja na utando kooni akiwa ameamua kuiacha pampu. Dawa ile ni ya jamii ya steroidi, na sehemu yake inabaki mdomoni inapunguza kinga ya pale. Haiachwi. Unasukutua kwa maji ukatema kila baada ya kuvuta, basi. Tulimtengenezea na chupa ya maji ya nusu lita, tukaitoboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, ili dawa ifike kifuani badala ya kugonga koo. Wanaotumia prednisoloni, nayo ni steroidi, kwa muda mrefu, walio kwenye matibabu ya saratani, na wazee wanaokauka mate kwa sababu ya dawa kama amitriptilini, hao nao nawaangalia mdomo kila wanapokuja, bila kusubiri walalamike.

Halafu kuna weupe usiofutika. Gozi inapita, hautoki kitu. Ukiwa pembeni mwa ulimi, umesimama mistari mistari kama manyoya, unanirudisha kwenye kipimo cha VVU. Ukiwa shavuni au chini ya ulimi, kwa mzee anayekula tambuu au kubwia ugoro, na haujaondoka kwa wiki mbili au tatu, huyo simpi nistatini nikamwambia arudi akizidiwa. Namwandikia barua aende kwa daktari wa kinywa, kwa sababu weupe wa namna hiyo unaweza kugeuka saratani, na mwanzoni hauumi hata kidogo.

Naandika haya nikiwafikiria zaidi wenzangu wa zahanati, hasa wale wanaofanya kazi peke yao siku tano kwa wiki. Najua foleni. Tochi yangu niliinunua elfu nne Tanga mjini na betri nabadilisha mwenyewe. Kumtazama mtu mdomo mzima, ulimi juu na chini, mashavu, kaakaa, ufizi, koo, inanichukua chini ya dakika moja. Nimewahi kupima kwa saa. Na kuna swali moja nalirudia kwa kila mwenye utando hata akiwa amechangamka: "Ukimeza, inauma kifuani?" Akisema ndiyo, siendelei na dawa za kusukutua.

Kaka wa machungwa yupo. Virusi vyake havionekani kwenye kipimo tangu mwaka wa pili wa dawa. Mkewe alikutwa na VVU pia, hakuwa na dalili yoyote, akaanza dawa wiki ileile. Watoto wao wote wawili wako salama. Anaonja machungwa kama zamani, na tangu siku ile amekuwa mtu wa kuangalia watu mdomo. Wapakiaji wake wanamkimbia.

Jumanne iliyopita alinishushia shemeji yake mlangoni, amempakia kwenye pikipiki. "Daktari, huyu naye pilipili inamchoma. Nimemwambia hatuandikiani chupa hapa mpaka aangaliwe." Nikatoa tochi. Ulimi ulikuwa na mabaka mekundu yenye kingo nyeupe, mfano wa ramani. Nilifuta, gozi ikabaki safi. Mashavu safi, kaakaa safi, akimeza haumii, na mwenyewe akasema mabaka hayo yanahamahama tangu akiwa mdogo, leo huku kesho kule. Hiyo ni hali isiyo na madhara wala dawa, apunguze pilipili tu ikimkera. Alitaka kupima yote hata hivyo, kwa kuwa ameshafika. Sukari 5.2, kipimo kingine hasi. Wakaondoka haraka, lori lilikuwa shambani linasubiri.